Kondoo Walitangulia Gofu: Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya kondoo waliokuwa wakila nyasi hatua chache kutoka kwenye shimo la gofu huko Brora, kaskazini mwa Uskoti, na chini yake tukaweka mstari mmoja tu wa maelezo. Sikutarajia kwamba picha hiyo ingeleta barua nyingi kuliko makala yoyote ya toleo hilo. Nimechagua sita, nikazifupisha, na kwa kuwa waandishi wawili waliomba majina yao yasitajwe, nimeyaacha majina yote.

*Ndugu Mhariri, ile picha ya kondoo ni ya kweli au mlitutania? Nimepita kando ya viwanja vya gofu vya Nairobi kwa miaka mingi nikienda kazini, na sijawahi kuona mnyama akistahimiliwa humo zaidi ya tumbili. — Msomaji, Barabara ya Ngong*

Picha ni ya kweli, na ukitaka kujua ni nani mgeni kati ya kondoo na mcheza gofu, mgeni ni mcheza gofu. Mchezo huu ulikulia katika ukanda wa mchanga ulio kati ya bahari na mashamba kwenye pwani ya Uskoti, ardhi ambayo haikufaa kulimwa na kwa hiyo ilibaki kuwa ya watu wote: hapo walichunga, hapo walianika nguo, hapo walitega sungura, na hapo walicheza. Hati ya mwaka wa 1552 kuhusu mji wa St Andrews inatambua haki ya wenyeji ya kucheza gofu na michezo mingine katika ardhi ile ile ambamo sungura walikuwa wakifugwa. Mashine ya kukata nyasi haikuwapo. Ya kwanza ilisajiliwa na Mwingereza Edwin Budding mwaka wa 1830. Kabla ya hapo nyasi zilipunguzwa kwa fyekeo au kwa meno ya wanyama, na meno hayakudai ujira. Wazee wa mchezo husimulia pia kwamba yale mashimo ya mchanga yanayoitwa banka yalianza pale kondoo walipojibanza kukwepa upepo wa baharini, wakalala na kukwangua mpaka nyasi zikaisha na mchanga ukabaki wazi.

Uwanja wa Brora ulianzishwa mwaka wa 1891, kisha ukasanifiwa upya katika miaka ya 1920 na James Braid, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa Open ya Uingereza, yale mashindano makubwa ya gofu, mara tano. Kondoo na ng'ombe walioufanya ujulikane ni wa wakulima wadogo wa hapo wenye haki ya malisho, na mahali palipozuiliwa kwa wanyama ni grini, yaani lile eneo laini lenye shimo na bendera, ambalo huzungushiwa waya mwembamba wa umeme. Mchezaji hupita, mnyama hubaki nje.

Kwa maoni yangu, lakini, mfano wenye mafunzo zaidi si Brora bali ni Westward Ho!, katika jimbo la Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Klabu ya Royal North Devon ilianza kucheza hapo mwaka wa 1864, katika uwanda wa malisho wa kijiji cha Northam. Wanakijiji wenye haki ya kuchungia humo kondoo na farasi wana jina la kale ambalo maana yake ni wachemsha chungu: yaani kila mtu aliyekuwa na jiko lake mwenyewe na chungu chake juu ya moto alihesabiwa kuwa mwenye kaya, na mwenye kaya alikuwa na haki. Kipimo hicho kingeeleweka upesi sana katika kijiji chochote cha kwetu. Klabu ilipokuja ilikuta haki hiyo ikiwa imesimama, ikabidi ijipange kuizunguka. Katika uwanja huo ndipo alipoanzia mtoto wa Northam, J. H. Taylor, aliyebeba mikoba ya wachezaji akiwa kijana, kisha akashinda Open mara tano kati ya mwaka wa 1894 na wa 1913.

Iko pia Minchinhampton, katika jimbo la Gloucestershire, ambako ng'ombe wa wenyeji huachiliwa kwenye uwanda wa pamoja kila mwezi wa Mei na mchezaji hana budi kungoja wasogee. Kichekesho chake ni kwamba bonde alimotengenezea Budding mashine yake liko kilomita chache tu chini ya uwanda huo. Mashine ilizaliwa mlangoni mwa ng'ombe, na ng'ombe hawakuondoka.

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni kedi, mbeba mikoba ya wachezaji. Ng'ombe akiuchukua mpira wa mchezaji wangu au akiukanyaga, sheria inasemaje? Na mpira ukiangukia kwenye mavi? Hapa kwetu kila mtu ana sheria yake. — Kedi, Lang'ata*

Marahaba. Swali lako limenikumbusha asubuhi moja ya Aprili katika klabu moja ya hapa Nairobi. Ng'ombe watatu, mmoja wao akiwa na kengele shingoni, waliingia kupitia pengo la ua lililoachwa na mti ulioanguka usiku. Mtamba mwekundu aliusogelea mpira mweupe uliotulia kwenye nyasi, akaunusa mara mbili, akauzungushia ulimi, akautafuna kama mtu aonjaye embe bichi, kisha akautema hatua nne mbele ukiwa umefunikwa na ute uliong'aa juani. Mabwana wanne walisimama pale kwa muda mrefu kuliko waliotumia kucheza shimo zima: mmoja akisema uchezwe ulipo, mwingine akisema ni adhabu ya pigo moja, wa tatu akimcheka wa pili. Aliyejua jibu alikuwa kedi, lakini hakuna aliyemuuliza.

Jibu lenyewe ni hili. Mnyama ni kitu cha nje ya mchezo. Mpira uliokuwa umetulia ukisogezwa naye, unarudishwa pale ulipokuwa, bila adhabu, na ikiwa mahali penyewe hapajulikani kwa uhakika, panakadiriwa. Kwa kuwa unaokotwa ili urudishwe, unaruhusiwa kuufuta ule ute. Ng'ombe akiumeza au akiondoka nao, mchezaji huweka mpira mwingine mahali pale pale. Sharti ni kwamba iwe inajulikana, au iwe karibu hakika kabisa, kwamba ni mnyama aliyeuchukua. Kudhani tu kwamba huenda ni ng'ombe hakutoshi. Bila uhakika huo mpira huhesabiwa kuwa umepotea, na tangu mwaka wa 2019 muda wa kuutafuta ni dakika 3, si 5 kama zamani. Kwa hiyo wewe kedi, ambaye macho yako huwa kwenye mpira wakati wengine wanazungumza biashara, ndiye shahidi wa kwanza.

Mpira unaoruka ukimgonga mnyama kwa bahati mbaya ni habari nyingine: huchezwa pale unapoishia, uwe umenufaika au umedhurika. Lakini ikiwa pigo limepigwa ukiwa kwenye grini, na mpira ukamgonga mnyama humo humo kwenye grini, pigo hilo halihesabiwi na linarudiwa. Ila mdudu hahesabiwi kuwa mnyama kwa jambo hili. Na mpira ukinasa kwenye manyoya ya kondoo, jambo ambalo si la kubuni, hauchezwi juu ya mgongo wake. Unadondoshwa ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka pale chini ya mahali uliponasia kwanza, bila kulikaribia shimo.

Kuhusu mavi: kwa sheria, mavi ni kama jani lililoanguka au kijiti kilichovunjika, yaani kitu cha asili kilicholegea, na unaweza kuyaondoa popote uwanjani. Tumia kijiti, na uwe mwangalifu, kwa sababu nje ya grini mpira ukisogea wakati unayaondoa, mchezaji wako anaadhibiwa pigo moja na mpira unarudishwa. Yaliyogandamana na mpira wenyewe hayafutwi hapo. Yanangoja mpaka mpira ufike kwenye grini au uokotwe kwa sababu nyingine inayoruhusu kuusafisha. Ndiyo maana viwanja vyenye mifugo hutunga kanuni zao za nyongeza, zinazomruhusu mchezaji kuyahesabu mavi kuwa eneo linalokarabatiwa na kuusogeza mpira bila adhabu, na pengine kufanya hivyo hivyo kwa alama za kwato. Bila kanuni kama hiyo, alama za kwato hurekebishwa kwenye grini tu, na kwingine mchezaji huvumilia. Uliza kama klabu yako ina karatasi ya kanuni hizo. Ikiwa haina, hapo ndipo kila mtu anapopata sheria yake.

*Mhariri mpendwa, mimi ni mwanachama wa klabu moja upande wa Karen. Dizeli, vipuri na mishahara ya kukata nyasi vinatumaliza. Je, kundi la kondoo lingeweza kuchukua nafasi ya trekta? — Mwanachama, Karen*

Kwa sehemu ndiyo, na kwa sehemu ambayo pengine hukuifikiria. Gawa uwanja wako katika tabaka tatu. Kuna grini, ambazo nyasi zake hukatwa kufikia milimita 3 au 4, na kondoo hawezi kazi hiyo hata angekuwa na nia njema kiasi gani. Kuna feawei, ule ukanda wa katikati wenye nyasi fupi, ambao klabu nyingi huukata kwa takriban milimita 12. Kondoo anaweza kuukaribia urefu huo lakini hataacha usawa mmoja, kwa sababu hula anapopenda na huruka palipo na mkojo na mavi ya wenzake. Na kuna nyasi ndefu za kando na chini ya miti, ambazo ndizo zenye eneo kubwa, na ambazo trekta yako huzikata kwa shida kubwa na faida ndogo. Hapo kondoo ni mfanyakazi hodari.

Nasema kondoo, sisemi ng'ombe, na sababu iko mdomoni. Wote wawili hawana meno ya mbele ya juu. Ng'ombe huzungusha ulimi kwenye kishungi cha nyasi na kukikata kwa kukivuta, kwa hiyo hawezi kushuka chini sana na mara nyingi huacha uwanja ukiwa na mabaka kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa akilia. Mdomo wa juu wa kondoo umepasuka katikati, na mpasuko huo unamruhusu kuyafikisha meno karibu kabisa na ardhi na kuchagua jani moja moja. Halafu kuna uzito. Ng'ombe mkubwa anaweza kufika kilo 400 na zaidi, akisimama juu ya kwato nne. Kondoo mzima ana takriban sehemu moja ya kumi ya uzito huo. Katika mchanga wa pwani ya Uskoti, ambao hunywa maji mara moja, tofauti hiyo haionekani sana. Katika udongo wetu ni tofauti kubwa. Ardhi nyekundu ya Karen inavumilia kiasi, lakini ule udongo mweusi wa mfinyanzi wa upande wa Lang'ata na kwenda Athi, wakati wa mvua za Machi hadi Mei, ng'ombe kumi wataufanya kuwa shamba la mpunga kwa siku moja, na ukikauka kila alama ya kwato itakuwa kikombe cha saruji.

Kuhusu nyasi zenyewe, kwetu hali ni nzuri kuliko kwao. Feawei nyingi za Nairobi zina nyasi za Kikuyu, ambazo ni za asili ya nyanda hizi za juu, zikatoka hapa kupelekwa nchi nyingi kama malisho, na leo zinakutwa hata kwenye feawei za uwanja wa Riviera mjini Los Angeles. Ni nyasi iliyozoea kutafunwa: hutambaa, hutoa mizizi kila kifundo, na ukiikata leo kesho inachipua. Lakini nyasi hii hii ikitiliwa mbolea nyingi ya naitrojeni, kama klabu zinavyofanya ili iwe ya kijani kibichi, inaweza kukusanya naitreti kiasi cha kumdhuru mnyama, hasa mvua inapoinyeshea ghafla baada ya ukame. Ongeza dawa za kuua kuvu zinazonyunyizwa kwenye grini, na zile za magugu, ambazo vibandiko vyake hueleza ni siku ngapi mifugo ikae mbali. Ukitaka kondoo, msimamizi wako wa uwanja itambidi aanze kuandika daftari la dawa ambalo mchungaji naye anaruhusiwa kulisoma.

Hesabu ya waya wa umeme haitishi. Grini ya mita 500 za mraba ina mzingo wa mita 80 hadi 100, kwa hiyo grini 18 zinahitaji chini ya kilomita 2 za mzunguko, na mashine ya kutoa mapigo yenye paneli ndogo ya jua. Mapigo hayo yana volti elfu kadhaa lakini hudumu kwa muda mfupi mno, kila baada ya sekunde moja hivi, yakimshtua mnyama bila kumdhuru. Jambo moja ambalo wafungaji wa nyaya hulisahau: manyoya ya kondoo huzuia umeme. Waya ukimgusa ubavuni haujui. Uwekwe kwenye kimo cha pua, kwa sababu pua ndiyo hutangulia na pua ndiyo yenye unyevu.

Ukiniuliza ni kondoo gani, ningeanza na kondoo mwekundu wa Kimaasai, ambaye ana ustahimilivu unaojulikana dhidi ya minyoo ya tumbo, tatizo ambalo huwa kubwa pale kundi linapokula mahali pamoja wiki baada ya wiki. Usinunue kundi kwanza. Mwalike mwenye kundi, kwa majira ya kiangazi, kwa mkataba.

*Na mbuzi je? — Msomaji, Rongai*

Mbuzi hana haja kubwa na nyasi. Atamaliza maua, atapanda kwenye meza ya nje ya klabu, kisha ataanza maganda ya miti. Kule Marekani, katika ranchi ya Silvies Valley jimboni Oregon, wamewafunza mbuzi kubeba mikoba ya gofu badala ya makedi, na nadhani hiyo ndiyo kazi pekee ya uwanjani ninayoweza kumwamini mbuzi, ingawa kedi wangu wa Lang'ata hatafurahi kusoma hivyo.

*Mhariri, kwa nini tuzungumzie kondoo wa Uskoti wakati Kenya ina viwanja ambamo wanyamapori hutembea? Hao nao si wenye ardhi? — Mwalimu, Kasarani*

Una haki, Mwalimu. Pale Aberdare Country Club, Mweiga, unaweza kucheza huku swala na ngiri wakiendelea na shughuli zao, na katika uwanja ulio juu ya bonde karibu na Naivasha pundamilia si habari ya kuandikia nyumbani. Afrika Kusini wana uwanja wa Skukuza wenye mashimo 9, uliotengenezwa mwaka wa 1972 ndani ya hifadhi ya Kruger, na hauna ua. Katika uwanja wa Anglesea nchini Australia kangaruu hulala katikati ya feawei na mchezaji humzunguka.

Tofauti na kondoo ni mbili. Ya kwanza, mnyamapori hana mchungaji, kwa hiyo hakuna wa kukubaliana naye. Ya pili, anaweza kukuua, na sheria za gofu zinalijua hilo: mpira ukiwa karibu na mnyama wa hatari, kama nyoka wa sumu, nyuki au mamba, mchezaji huusogeza mahali salama bila adhabu. Kuna kanuni ya zamani inayonukuliwa sana, inayohusishwa na Klabu ya Nyanza huko Kisumu enzi za ukoloni, iliyomruhusu mchezaji kudondosha mpira mwingine ikiwa wa kwanza umetulia karibu na kiboko au mamba kiasi cha kuhatarisha. Mimea haimo katika msamaha huo, hata ikiwa ni upupu. Ukiingia kwenye upupu umeingia mwenyewe.

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mfugaji kutoka Kajiado. Wakati wa ukame ule mkubwa nilileta ng'ombe hadi mjini, tukala nyasi za kando ya barabara. Ndani ya ua niliona nyasi nzuri zikikatwa na kutupwa kwenye shimo, na tulipokaribia tulifukuzwa kama wezi. Kama Wazungu wenyewe wanakubali kondoo kwenye gofu, kwa nini hapa hatukubaliwi? — Mzee, Kajiado*

Mzee wangu, barua yako ndiyo iliyonifanya niandike ukurasa huu, na sitakujibu kwa haraka.

Hoja yako ina mizizi. Jina la Nairobi ni la Kimaasai, linalosema juu ya maji baridi, na hapa palikuwa malisho kabla reli haijafika mwaka wa 1899. Mkataba wa mwaka wa 1904 uliwaondoa Wamaasai katika sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, na ule wa 1911 ukawahamisha waliokuwa Laikipia hadi kusini. Kati ya mikataba hiyo miwili, mwaka wa 1906, ndipo ilipoanzishwa klabu ya kwanza ya gofu ya Nairobi. Weka tarehe hizo kando ya zile za Northam na utaona kwa nini kondoo wa kule wanakaa na wa kwako anafukuzwa. Siyo kwamba mcheza gofu wa Devon ana moyo mwema kuliko wa Nairobi. Kule haki ya mchungaji ilikuwapo kwanza na mchezo ukajengwa juu yake. Hapa haki ilifutwa kwanza, mchezo ukaja kwenye ardhi ambayo karatasi zake tayari zilisema ni tupu. Watu wakiitazama ile picha ya Brora huona wanyama wazuri na nyasi. Mimi huona mapatano, ambayo hayapigwi picha.

Hata hivyo nisikudanganye kuhusu hali ilivyo leo. Sheria ya Uingiliaji wa Ardhi, Sura ya 294, inamlinda mwenye ua, na kuhamisha mifugo kutoka kaunti hadi kaunti kunahitaji kibali cha ofisi ya mifugo. Klabu inayoogopa ng'ombe wako ina sababu zaidi ya kiburi, ingawa kiburi nacho sikikatai. Ng'ombe waliotembea kilomita nyingi wakati wa ukame huja na kupe, na yule kupe wa kahawia anayekaa sikioni ndiye anayeeneza ndigana kali, ambayo wewe unaijua kuliko mimi. Ugonjwa wa miguu na midomo unaweza kuja nao pia, na majirani wa viwanja hivyo wana ng'ombe wa maziwa. Halafu ziko zile dawa nilizozitaja: ng'ombe mwenye njaa akiingia kwenye grini iliyonyunyiziwa jana, hasara itakuwa yako kabla haijawa yao. Hata klabu zilizoalika ng'ombe zenyewe ziliumia. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Augusta National ya Marekani ilifungwa, wakafuga humo ng'ombe na bata mzinga ili kuchangia chakula, na ng'ombe wakayala maua ambayo uwanja huo unajivunia.

Kwa hiyo kuvunja ua si njia, na kungoja huruma si njia pia. Kwenye mlango wa klabu, mtu mmoja mwenye fimbo hufukuzwa, lakini barua ya kikundi kilichosajiliwa, yenye muhuri wa daktari wa mifugo wa kaunti, itabidi ijibiwe na kamati. Ombeni jambo dogo lililo wazi: kondoo, si ng'ombe, kiangazi, si masika, nyasi za kando, si feawei, wachungaji wanaojulikana kwa majina, kundi lililoogeshwa na kupewa dawa ya minyoo, na siku ambazo uwanja hauna mashindano. Kwa upande wao waombeni daftari la dawa na maji ya kunyweshea. Klabu iliyomwalika mchungaji mara moja kwa maandishi itamwalika tena, nami ningependa kuiandika ya kwanza itakayofanya hivyo hapa mjini.

Kwa ng'ombe wako ipo njia nyingine, na ndiyo ninayoiona ya karibu zaidi. Zile nyasi ulizoona zikitupwa shimoni usizilishe zikiwa mbichi zimerundikwa, kwa sababu zilizokatwa fupi huchacha na kupata moto ndani ya saa chache, na mnyama akizila hufura tumbo. Lakini nyasi ndefu za kando, ambazo hazijatiwa dawa, zikikatwa wakati zimekomaa na kuanikwa siku mbili tatu, hufungwa robota kama zile mnazonunua kwa bei ya juu wakati wa dhiki. Wakati wa kuzikata ni pale mvua ndefu zinapokatika, mwezi wa Juni, na tena Januari baada ya vuli. Klabu hulipa watu kuziondoa. Kikundi chenu kikija na panga, kamba na lori, klabu itapunguza gharama nanyi mtapata akiba ya ghalani kabla ukame haujaanza. Barua hiyo iandikwe Aprili, nyasi zikiwa zinapanda na kila mtu akiwa na moyo mkunjufu, si Septemba.